Dobi Aliyekatazwa Maji

Mume wangu ni dobi, na mimi nilimwona mwongo. Nasema wazi, maana mtaa mzima ulinisikia nikimwita hivyo.

Tangu figo zake zigome, mimi ndiye ninayempeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Kwanza nesi humpandisha kwenye mizani, na kila safari mizani inasema ameongezeka. Si nyama, maana mashavu yenyewe yamekauka. Ni maji.

"Baba, unakunywa," nesi akamwambia.

"Sipitishi kikombe mlichonipimia. Haki ya nani!"

Nesi akanigeukia mimi. "Mama, figo nzima zinachuja damu usiku na mchana. Taka zinatoka kwenye mkojo, vya maana vinarudishwa kwenye damu. Ukinywa maji mengi zinayatoa, ukinywa kidogo zinayabana. Zake zimechoka, kwa hiyo maji hayana pa kutokea. Yanajaa miguuni, yanapanda usoni, na yakifika kwenye mapafu mtu anakosa pumzi. Akiendelea hivi, siku moja hutamfikisha hapa."

Nikamtazama mume wangu, akatazama ukutani. Huyu, nikasema moyoni, ananipiga chenga.

Basi nikawa askari. Vikombe nikavifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Chumvi nikaiondoa mezani, maana nesi alisema inaleta kiu. Asubuhi nambonyeza mguu kwa kidole gumba, kishimo kinabaki palepale. Akienda kuoga nasimama nje ya mlango.

"Mama watoto, hata bafuni?"

"Oga, usiongee. Ukifungua mdomo maji yanaingia."

Mizani ikazidi kupanda. Hapo machale yakanicheza. Mbele ya kibanda chake cha pasi kuna mama chai, na nilishawaona wakicheka pamoja. Nikamvaa mbele ya wateja wake. "Wewe ndiye unayeniulia mume!"

"Shoga, tangu augue hajagusa kikombe changu," akanijibu. "Anavuta harufu tu, mpaka namwonea huruma. Nenda kamchunge mwenyewe."

Sikumwamini hata kidogo. Lakini kesho yake nikabeba kigoda, nikaenda kukaa kibandani tangu anafungua.

Meza yake imetandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa upande mmoja, rundo la nguo upande wa pili. Akachukua kopo la maji, akapiga funda, mashavu yakajaa. Pfuuu! Maji yakatua kwenye shati kama umande, pasi ikapita ikitoa mvuke. Funda jingine, nguo nyingine. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na nimemwona akifanya hivyo tangu anioe, mpaka nimeacha kuona. Ilipofika saa sita nilianza kujisikia mjinga.

Ndipo nikaliona koo lake. Amekwisha kupuliza, koo likapanda, likashuka.

"Umemeza!"

"Nimemeza mate."

"Mate gani? Wewe unayeamka ulimi umenata kwenye meno?"

Nikajaza kopo mpaka juu, nikamsogezea ndoo kavu. "Inamisha kichwa humu. Puliza kama unavyopuliza siku zote." Akapiga funda, akapuliza. Nikamwambia tena, na tena, mpaka kopo likaisha. Kisha nikamimina maji ya ndooni kurudisha koponi. Hayakufika hata nusu.

Akakodolea macho lile kopo. Shati la mteja likaanza kunuka kuungua, hakuna aliyejali.

"Kila nguo?" akauliza taratibu.

"Kila nguo, baba. Na rundo lote hilo!"

"Sikujua. Wallahi sikujua."

Mpaka leo sina hakika. Labda hakujua, labda koo lilijua likamficha mwenyewe. Nikamnunulia chupa ya kupulizia, ile ya kubonyeza kwa kidole. Safari iliyofuata nesi akaitazama mizani mara mbili, akacheka. Mama chai nikamwomba radhi, shingo upande.

Jioni moja mume wangu akakaa karibu yangu mezani. "Nina ombi. Nipe funda moja. Simezi. Niyashike tu mdomoni, halafu niteme."

Nikamjazia kikombe mpaka kwenye ua lililochorwa ndani yake, usawa wa majani. Akapiga funda, akafumba macho. Alikaa nayo muda mrefu, mashavu yamejaa, machozi yakimlengalenga. Sijawahi kumwonea huruma kiasi kile. Kisha akayarudisha kikombeni, akanisogezea.

"Pima," akasema.

"Sipimi. Mume wangu nakuamini."

Akatabasamu, akainuka kwenda kufunga dirisha. Aliponipa mgongo tu, nikainamisha kichwa kikombeni kutazama kama maji bado yanafika kwenye ua.