Mzee kasema shusha presha

Jamani, leo kitumbua changu kimeingia mchanga kwa neno moja!

Tuko huku milima ya Uluguru tunachoronga mwamba kwa mashine. Mimi ndio nashika liva ya kusukuma chini biti, ile ncha inayotoboa mwamba. Ukikandamiza sana, mabomba yanayobeba biti yanapinda.

Fundi wetu, Mzee Mkude, akapiga kelele: "Presha imezidi! Shusha presha!"

Sasa mzee mwenyewe anaumwa presha.

Nikaacha liva imekandamizwa vilevile. Nikambeba mzimamzima, nikamlaza kivulini, nampepea na kofia.

"Pumbavu! Ya mashine, siyo yangu!"

Kugeuka, mabomba yashapinda, biti imenasa mwambani.

Nimekatazwa kugusa chochote, hata ndoo. Nimekaa tu natazama. Mwekezaji mwenye mashine anapanda mlima, anakuja kunifukuza.

Semeni kweli, nyie mngeshusha presha ipi?