Mbuzi Wamekula Maua ya Kanisa, na Mimi Ndiye Niliyewaita

Jamani, leo nimechoka mpaka basi.

Tangu asubuhi niko Oldonyo Sambu, uwanja wa kanisa, nachanja mbwa dhidi ya kichaa. Nimekwaruzwa. Nimekojolewa buti.

Mchana akaja mzee mmoja, mikono mitupu.

"Shikamoo baba. Mbwa yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko malishoni. Hawaachi mbuzi, hata umburute."

Kwa uchovu tu, bila kufikiri, nikamjibu: "Basi mlete na mbuzi wake."

Si akawaleta!

Kundi zima likaingia getini, mbwa anawaswaga kwa nyuma. Nikiwa bado navuta dawa kwenye sindano, waridi za kina mama wa kanisa zikaisha. Mwinjilisti alitoka, akaona, akashika kichwa. Akarudi ndani. (Afadhali angenigombeza.)

Nikamgeukia mzee kwa hasira. "Baba, kweli kabisa? Mbuzi wote hawa kwa ajili ya mbwa mmoja?"

Akanitazama.

"Mbwa niliyekuwa naye kabla ya huyu alipata kichaa. Akamng'ata mjukuu wangu. Mtoto tukamzika. Leo umesema nilete na mbuzi, nimeleta."

Nikainama, nikachoma sindano. Mbwa hata hakutikisika, macho kwa mbuzi wake.

Kesho narudi kupanda maua. Mwenye miche ya waridi anisaidie, tafadhali.

Na wewe ambaye mbwa wako hajachanjwa, mlete.

Hata na mbuzi.