Udongo wa Nyayo za Swala

Baba yangu alikuwa mwindaji, na alikufa nikiwa nimesimama kwenye mlango wa hoteli hapa Doha, nikiwafungulia wageni milango ya magari. Mdogo wangu alipiga simu, nikaikata, kwa sababu kushika simu mlangoni ni kosa. Akapiga tena, nikaikata tena. Nilipokuja kuipokea wakati wa mapumziko, nimejifungia chooni, maiti ilikuwa imeshaoshwa.

Niliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Msimamizi wetu si mtu mbaya, ila ni mtu wa ratiba. Alinipa pole, akanishika bega, akasema msimu wa wageni umeanza na likizo zote zimefungwa, tuzungumze ukiisha. Nilitaka kumtukana. Nikasema, ahsante bosi. Jibu hilo linanikera mpaka leo kuliko maneno yake.

Kwetu ni kwenye miombo ya magharibi mwa Tanzania, si mbali na mto Ugalla. Baba aliwinda kwa kibali, kwanza kwa gobore, baadaye kwa bunduki ya kuazima, kwenye mapori ya wazi ambayo kila mwenye kibali aliruhusiwa kuingia. Katika ukoo wetu mwindaji akifa, matanga yake hayaanuliwi mpaka mwanawe wa kwanza aingie porini, atafute nyayo mbichi za swala, achote udongo wa unyayo mmoja na udongo huo umwagwe juu ya kaburi. Haui kitu. Anachota tu. Udongo ukishamwagwa, ananyoosha mkono upande aliokuwa anaelekea yule mnyama na kusema kwa sauti, "Ameelekea kule." Basi. Wazee wanasema ni ili marehemu asibaki akizungukazunguka nyumbani. Ameonyeshwa njia, ataifuata kama alivyozifuata nyingine zote. Kabla ya hapo mjane hatoki kwenda shamba na hashiki jembe.

Mtoto wa kwanza ni mimi, na mvua zilikuwa zimeanza.

"Mahindi ya wenzetu yameshachomoza," mama aliniambia kwenye simu. Hakuwa analalamika. Mama yangu hajui kulalamika, anatoa taarifa tu, na ndiyo maana taarifa zake zinauma. Shamba lile ndilo chakula chake cha mwaka mzima, na yeye amekaa mkekani amefunga kitambaa cheusi, anaangalia mvua inavyopita.

"Mdogo wangu hawezi kuchota?"

"Kumwaga anaweza kumwaga. Kuchota ni wewe, baba."

Nikamuuliza kama swala wa huku niliko angefaa. Nilikuwa nimesikia kwamba jangwani kuna swala wadogo weupe weupe, na mwenzetu mmoja wa kempuni, kwenye kambi ya wafanyakazi tunakolala, alikuwa anakwenda nyumbani likizo wiki iliyokuwa inafuata. Angeubeba udongo.

"Swala ni swala," mama akasema. "Tafuta."

Ijumaa yangu ya mapumziko nikamwomba rafiki yangu mmoja Mkenya anipeleke. Yeye ni dereva wa familia moja, na ana ruhusa ya kutumia pikapu kuukuu ya bosi wake siku za Ijumaa. Alitoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada husaliwa Ijumaa, bado amevaa tai, akanikuta kando ya barabara nimeshika kopo tupu la maziwa ya unga.

"Buda, umebeba mkebe tu? Na kisu iko wapi? Mi nilidhani tunaenda kuchinja," akasema.

Nikamweleza. Tulipoipita Umm Salal akaivua tai, akaiweka juu ya dashibodi. "Basi tutaipata, brathe. Mungu si Athumani," akasema, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo baba asingelifanya hata angekuwa na njaa. Baba hakuwahi kuwinda pori asilolijua siku ileile aliyofika. Siku ya kwanza bunduki inabaki kambini. Anatembea pembezoni, anaangalia maji yako wapi na upepo unatoka wapi, anavunja mavi makavu ya wanyama kwa vidole kujua ni ya lini. Anapanda juu ya kichuguu, anakaa. Niliwahi kukaa naye hivyo tangu asubuhi mpaka jua linakuchwa, nikamuuliza tunasubiri nini. Akasema hatusubiri, tunabisha hodi. Mimi nilikuwa na Ijumaa moja tu. Niliingia jangwani kama mtu anayeingia sokoni na kununua cha kwanza anachokiona.

Na jangwa lenyewe si lile la kwenye picha. Ni changarawe. Ni kokoto na vumbi gumu mpaka macho yanapoishia, na nyaya za umeme, na alama za matairi zimepishana kila upande kwa sababu wenyeji hupiga mahema huko majira ya baridi na watoto wao huendesha pikipiki za magurudumu manne. Nilijaribu kutafuta upepo. Ulikuwa unatoka kila upande. Nilitafuta kivuli, kwa sababu kwetu mnyama wa mchana humtafuti juani, unamtafuta kivulini, na sikuona kivuli chochote isipokuwa cha pikapu.

Tulizunguka mpaka tukakuta bonde dogo lenye mikunazi na migunga michache, na majani mabichi yaliyoota baada ya mvua moja. Nikamwambia rafiki yangu azime gari, tushuke, tutembee kimya. Alitembea kwa ncha za viatu vyake vya kanisani, jitu zima lile, nami sikuthubutu kumtazama nisije nikacheka.

Chini ya mkunazi wa pili nikaziona. Kwato mbili mbili, ndogo, mbichi kabisa, ukingo wa udongo haujamomonyoka. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeshafungua kopo, nimeshaanza kumwita baba moyoni, mkono ukasita wenyewe. Unyayo wa swala ni mwembamba na una ncha, kama maharage mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu. Hizi zilikuwa butu, zimeachana mbele. Nilijua kabla sijataka kujua. Nikaendelea kuzitazama hata hivyo, nikizigeuza kichwani ziwe nyembamba.

"Ndio hiyo?" rafiki yangu akanong'ona.

"Ni mbuzi."

"Una uhakika?"

Kama kumjibu, mbuzi wenyewe wakalia nyuma ya kilima. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mwenye ndevu, kopo mapajani. Nililia kwa sababu ya mbuzi, na kwa sababu ya zile simu mbili nilizozikata. Rafiki yangu alikaa pembeni yangu kwenye vumbi na suruali yake ya Ijumaa.

Tulipowafuata wale mbuzi tukafika kwenye izba, ndivyo wanavyoita huku zizi la mifugo la mtu mwenye uwezo wake. Mchungaji alikuwa Msudani, mtu wa makamo, akatukaribisha chai kabla hajatuuliza tunataka nini. Kwa Kiarabu changu cha mlangoni nikamuuliza kama kuna swala huku. Akatuambia walio huru wako kwenye hifadhi zenye uzio, huingii bila ruhusa. Lakini mmoja anaye. Akatupeleka nyuma ya banda.

Alikuwa jike, mdogo kuliko mbuzi, rangi ya mchanga, macho kama yamepakwa wanja. Alikuwa anatembea. Alikwenda kando ya uzio mpaka kwenye kona, akageuka, akarudi mpaka kona ya pili, akageuka. Alikuwa ameshachimba njia kwa miguu yake, imezama, laini kama unga, na ndani yake kulikuwa na nyayo zisizohesabika, nyembamba, zenye ncha. Zilikuwa nyayo za swala bila shaka yoyote.

Nilimweleza mchungaji kwamba baba yangu amekufa na kwamba nahitaji udongo kidogo. Sidhani kama alielewa sehemu ya pili, ila ya kwanza aliielewa. Akainua mikono, akamwombea. Halafu akafungua komeo. Nikaingia, nikasubiri yule mnyama apite, nikachota unyayo mmoja, nikafunga kopo.

Njiani kurudi rafiki yangu alikuwa na furaha kunishinda. "Si nilikushow? Mungu amejibu," akawa anarudia, anapiga usukani. Mimi nilikuwa nimelikumbatia kopo. Nilijiambia swala ni swala, mama mwenyewe kasema. Nilijiambia mahindi hayasubiri. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na akili.

Jua lilikuwa linazama nilipompigia mama. Nilisimama nje ya kempu karibu na nguo zilizoanikwa.

"Nimepata," nikasema.

"Ahsante Mungu." Nikasikia pumzi yake ikishuka. Halafu akauliza swali ambalo baba alikuwa akimuuliza kila mtu aliyerudi na habari ya nyayo, hata mtoto, hata mgeni. "Alikuwa anaelekea wapi?"

Nilikuwa najua kwamba nitaulizwa. Ni nusu ya desturi yenyewe. Njia nzima nilikuwa naandaa jibu: kaskazini, baharini, machweo, popote. Mama asingejua, na kaburi lisingesema. Nikafungua mdomo niseme kaskazini, nikamwona yule mnyama anafika kwenye kona na kugeuka.

"Hakuwa anaelekea popote, mama," nikasema. "Amefungwa. Anakwenda na kurudi."

Nikaanza kumweleza yote kwa haraka, mbuzi, bonde, Msudani, nikisema nisamehe, sikupata, nilikuwa na siku moja tu, pori silijui.

"Ngoja," akasema.

Nikasikia mlango wa chumbani, ule unaokwaruza sakafu. Nikasikia sanduku la bati. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Lipo kopo la majani ya chai hapa. Baba yako aliliacha."

Mwaka uliopita, niliposema likizo imesogezwa mbele tena, baba aliniambia kwenye simu kwamba kazi ni kazi, nisijali. Kesho yake, mama akasimulia, alichukua fimbo badala ya bunduki akaenda porini, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. Alishinda huko kutwa. Akarudishwa na kijana wa jirani kwa baiskeli, kopo la udongo amelishika kwa mikono miwili, akalifunga kwa kitambaa na kulitia sandukuni.

"Akasema, mwanangu akileta wake, huu utupe tu. Asipopata, usimwache akae na aibu. Mkono wangu na wake ni mmoja."

Nilijishika kwenye kamba ya nguo.

"Alijua hutakuja, baba," mama akasema, kwa upole kabisa, kama anayenipa habari njema.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Alikataza. Alisema uachwe utafute kwanza. Alisema ungependa kutafuta mwenyewe."

Niliumwaga udongo wa yule swala wa Msudani pale pale chini ya kamba za nguo. Sikulala vizuri. Nilikuwa namwona baba anatembea porini na miguu ile, anainama, anachota unyayo kwa ajili ya kaburi lake mwenyewe ili mimi nisiaibike, na mimi wakati huo nilikuwa hapa, nikimwambia mtu karibu sana, bwana. Nimeshaambiwa na wengi kwamba hayo ni mapenzi na nishukuru. Nashukuru. Lakini inaniuma kwamba alinijua hivyo, na kwamba alinijua sawasawa.

Matanga yalianuliwa kesho yake asubuhi. Mdogo wangu alipiga wakati nimeshaingia zamu. Safari hii sikuikata. Nilikuwa nimeficha kisikilizio sikioni, simu iko mfukoni, msimamizi akijua na ajue. Nikasikia kuku wa nyumbani. Nikasikia watu wanakohoa, halafu mfuniko wa kopo, halafu mchakacho mdogo wa udongo ukiangukia udongo.

"Kaka, sema," mdogo wangu akasema. "Mzee aliacha maneno kwamba alikuwa jike, anashuka mtoni. Sema sasa, watu wanasikia."

Mto ule uko upande wa machweo ukiwa umesimama mlangoni kwetu. Pale mbele ya hoteli, katikati ya vioo na magari, sikujua ni upande gani. Nilinyoosha mkono tu, mbele yangu, mkono ndani ya glavu nyeupe.

"Ameelekea kule," nikasema kwa sauti. "Ameelekea mtoni."

Mgeni mmoja aliyekuwa ameshuka kwenye teksi na sanduku lake akadhani namwelekeza yeye. Akatikisa kichwa kunishukuru, akaenda huko nilikoonyesha, akivuta sanduku, mpaka akakata kona.

"Haya, baba," sauti ya mama ikaja sikioni. "Tumemaliza. Ngoja nikalime."

Simu ikakatika. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu.