Matandiko Sita kwa Picha Moja

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilimaliza kushona tandiko la sita la farasi. Wateja wangu, Waingereza wanaoigiza vita vya kale, wangefika karakanani kwangu Walthamstow saa sita mchana. Kwa ajili ya oda hiyo niliacha kazi ya usafi, nikanakili kila nakshi kutoka picha moja ya askari wa farasi wa karne ya kumi na tisa.

Mke wangu, fundi cherehani, aliitazama picha. "Baba Neema, mbona koti lake limefungwa kike?"

"Ndiyo desturi ya wakati ule," nikamfundisha.

"Na upanga unaning'inia kulia, wa kuchomolewa kwa mkono wa kushoto. Jeshi zima lilikuwa la watu wa shoto?"

Nikakaa chini. Picha, ya kamera za zamani, ilikuwa imetoka kinyume, kama kwenye kioo, nami nilikuwa nimeshona mikanda ya upanga upande usio wake, mara sita.

Wateja waligundua kabla sijakiri. Niliwarudishia pauni elfu mbili na mia nne walizokuwa wametanguliza.