Mbegu ya Eufrazia

Zamani kule Mgeta mchumba alilima shamba la wakwe msimu mzima, wakamwona anavyoshika jembe na anavyojibu akikemewa. Siku hizi watu wa posa wanapanda mlima asubuhi kwa pikipiki, wanauliza jeni, yaani tabia za kurithi, walizosoma kwenye simu, na mchana wanashuka.

Posa ya namna hiyo ilimfika Kasimiri nyumbani kwake. Aliishia darasa la nne, lakini alisoma kila karatasi aliyoipata, hata magazeti yaliyofungiwa sabuni, na mbegu za njegere alizijua kuliko bwana shamba. Siku Bernadeta wa Bigwa alipokuja kumposea mwanawe Jastin mpwa wa Kasimiri, Magreth, mzee alitaka kuonekana msomi. Akawaeleza wageni alichosoma kwenye nusu ukurasa wa gazeti: jinsi sifa za mche zinavyoingia kwenye punje.

"Tabia imo ndani ya mbegu," alisema. "Huiondoi kwa samadi."

Bernadeta akaweka kikombe chini. "Ndiyo maana nauliza, mzee. Mama yake Magreth si ndiye aliyekuwa akitembea uchi gulioni?"

Eufrazia alikuwa dada yake Kasimiri. Aliugua akili miaka miwili, akafa. Binti yake Magreth, aliyeachwa akiwa na miaka sita, alilelewa na mjomba huyu.

"Mimi nilisema njegere," alisema Kasimiri.

"Na sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama. Umeeleza vizuri mwenyewe. Sitaki wajukuu wa kufungwa kamba."

Hasira ikampanda Kasimiri. Alisema Magreth ndiye aliyemuuguza mke wake mpaka kaburini, na hakuna mbegu iliyomwamsha alfajiri kumgeuza mgonjwa. Aliamka kwa kupenda. Alisema marehemu mume wa Bernadeta alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni, mbona Jastin hanywi?

"Sasa unamtukana maiti," alisema Bernadeta, akasimama. Wageni wote wakasimama, isipokuwa Jastin.

"Mama, mimi nimeshaamua."

"Umeamua au umelishwa kitu?"

"Nimelishwa njegere, mama. Zilikuwa tamu."

Hakuna aliyecheka. Magreth alikuwa ametokea jikoni, mikono ina maji.

"Mjomba, hayo ya mbegu, unayaamini?"

"Ya njegere naamini."

"Na yangu mimi?"

Neno moja lingetosha: sijui. Lakini wageni walikuwa wakimtazama, na mtu aliyejisomesha peke yake hakuzoea kutamka neno hilo mbele za watu. Aliinama, akaokota kikombe cha Bernadeta. Miaka minne imepita tangu siku ile, na bado anawalaani Bernadeta, simu, na wasomi wa nusu ukurasa, na kila laana inamrudia yeye, maana nusu ukurasa ule aliusoma yeye.

Siku ile Magreth alifuta mikono, akaingia ndani kufunga nguo zake.

Asubuhi iliyofuata lori la kabichi liliteremka kuelekea mjini. Kasimiri alikuwa juu shambani, akawaona Magreth na Jastin lori likikata kona: wamekaa juu ya matenga, Jastin amemshika Magreth kiuno asianguke, naye Magreth anacheka, uso ameuelekeza kule bondeni.