Rulema za Nyuma na Njia ya Nzahaha

Mama alikubali kurudi kwa sharti moja. Siku atakayovuka daraja la Rusizi, nimpeleke moja kwa moja hadi shambani kwake Nzahaha, alione shamba kwa macho yake. Asipolipenda, au gari lisipofika, atageuka jioni hiyo hiyo na kurudi Bukavu kwa dada yake, alikoishi tangu tulipoikimbia nchi, ingawa mimi nilikuwa nimekwisha kurudi. Vita ya kwanza ya Kongo ilikuwa imepita. Ya pili hatukujua kama inakuja. Nilikuwa nimembembeleza kwa muda mrefu, na sasa kila kitu kilitegemea gari langu. Nalo lilikuwa likinguruma upande wa nyuma kama mashine ya kusaga mihogo.

Kwanza nilidhani ni matairi. Nina shahada, kwa hiyo nilidhani hivyo kwa miezi kadhaa, tena kwa sababu nzuri.

Jirani yangu wa mjini Kamembe, fundi wa magari, Mwislamu mwenye maneno mengi na spana chache, alikaa kiti cha nyuma akaniambia niendeshe kwenye kona za kuteremkia ziwani. Tukikata kulia, uzito ukaangukia gurudumu la kushoto, kelele ikapanda. Tukikata kushoto, ikashuka.

“Rulema,” alisema. Ndivyo tunavyoziita beringi huku kwetu. “Ya kushoto imekufa. Ya kuume iko najitayarisha.”

Mpya zilipatikana Bukavu. Tulizifunga uani kwake: akang’oa ngoma za breki, akagongagonga pete kuukuu mpaka zikatoka, akasafisha kwa petroli, akashindilia girisi kwa kiganja ndani ya rulema mpya hadi ikatokea upande wa pili. Mimi nilimsaidia kwa kumweleza nadharia ya msuguano.

“Prof, sogea kidogo,” alisema. “Uko nanizibia mwangaza.”

Tukafika kwenye nati ya kushikilia yote hayo. Akaikaza.

“Kaza tena,” nikasema.

Akakaza.

“Tena.”

Mtu ambaye hakuishi kwetu miaka ile atatushangaa. Tulikuwa tunakaza kila kitu. Mlango wangu ulikuwa na kufuli tatu, ingawa ubao wenyewe mbuzi angeuvunja. Watu walifunga magunia ya mchele kwa kamba za kutosha kufungia ng’ombe. Kitu kilicholegea kilitunyima usingizi. Fundi naye alikuwa hivyo hivyo. Aliukalia mpini wa spana kwa uzito wake wote, nami nikaona ni kazi nzuri.

Jumamosi Mama alivuka na kifurushi kimoja tu, nami nikakielewa kifurushi kile. Akakaa nyuma. Fundi alikaa mbele ndani ya kanzu nyeupe. Alikuwa anakwenda Bugarama kwa wakwe zake. Nyuma hakukuwa na kelele hata kidogo, nikawa nazungumza njia nzima juu ya ukimya huo.

“Gari imenyamaza,” Mama alisema. “Sasa bado wewe.”

Kabla ya Nzahaha tukasikia harufu ya girisi inayoungua. Nikasimama. Fundi alilowesha kidole kwa mate, akagusa katikati ya gurudumu la kushoto. Chsss!

“Ni wewe ulisema kaza,” akaniambia.

“Na wewe ukakaza!”

“Batu bawili, akili moja,” alisema Mama, “tena haijatimia.” Aliangalia chini, ambako pikapu ilikuwa inapanda polepole kuelekea Kamembe, ikisimama kila mahali kupakia watu. “Ile inaenda mujini. Niisimamishe?”

“Mama, ngoja kidogo.”

“Maman, acha ipoe tu,” fundi akasihi. Akavua kanzu akampa aishike, akabaki na singlendi yenye matundu. Mama aliipokea kwa ncha za vidole kama mtoto wa watu, akatuacha hapo, akapanda kwenye shamba la juu ya barabara ambako mama mmoja alikuwa anakata marando ya viazi vitamu. Niliwasikia wakisalimiana, kisha wakiulizana ukoo.

Gurudumu lilipopoa tukaliinua kwa jeki. Fundi akachomoa pini, akalegeza nati, akazungusha gurudumu kwa mkono mpaka likazunguka bila kushika, likicheza kidogo sana, ule ulegevu ambao rulema huhitaji.

“Nilijua iyo,” alisema. “Lakini ulikuwa nasema kaza kama muntu anayefungia bezi inje ya mulango.”

Pikapu ikafika lilipo gari letu, ikapiga honi, ikapita. Hakuna aliyeisimamisha.

Mama aliteremka na kanzu begani na mzigo wa marando uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Kwetu marando hayauzwi. Unaomba, unapewa, lakini anayeomba ni mwenye ardhi ya kuyapanda, maana yakikaa yananyauka.

“Mama, shamba hatujaliona bado.”

“Yule analijua. Anasema imekuwa majani matupu.” Akanisukumia mzigo kifuani. “Majani inalimwa. Fungua nyuma.”

Fundi alikuwa anavaa kanzu yake, akitafuta kama ina doa. “Maman, kama jioni unarudi Bukavu, munichukue njiani.”

“Nirudi leo?” Mama alisema, akiingia garini. “Na hizi nitaachia nani?”