Kunyoosha Ngoma za Tata

Mi si mutu wa uvumilivu. Mama yangu alilisema hilo nikiwa bado mudogo, na kazi niliyojichagulia inaonyesha kila siku kwamba alisema kweli. Niko na studio ndogo hapa Manika, nyuma ya nyumba ya shangazi: chumba kimoja cha kupigia vyombo, kengine kadogo ka kuimbia, ordinatere moja, ile kompyuta ya kurekodia, mikro tatu, na magodoro ya zamani kwenye kuta ili kelele za taximoto zisiingie. Zinaingia tu. Batu banakuja kurekodi nyimbo zao, banaenda kwao bakicheka, na mi ninabaki na makosa yao.

Kuna mwaka makosa yalikuwa ya tata mumoja, muzee mupiga ngoma wa kanisa letu. Bazazi bake balitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mugodi, sawa na bangu, na yeye alipigia korali ngoma tangu mi sijazaliwa. Alikuja na ngoma zake tatu na bibi yake wa ndoa, maana bibi ndiye alikuwa sauti ya korali. Maestro, yule anayeongoza korali, alikuwa ameniagiza mapema: mapigo yawe sawa kabisa, kwa sababu yeye atakuja kuweka kinanda juu yake, na kinanda chake hakijui kungojea mutu. Kwa hiyo nilimuvalisha tata kaske ya kusikilizia kichwani, ndani nikamuwekea sauti ya bibi yake iliyotoka katika kale kachumba kengine, na pamoja nayo kliki, ile tik-tik ya kuhesabu mapigo.

"Tata, ufuate kliki," nilimwambia.

"Ndiyo, mutoto yangu. Minasikia."

Alisikia, lakini akapiga vile alivyotaka. Nilimurudishia neno lile mara tatu, na mara tatu akanijibu vizuri na kunipigia vilevile. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaacha, nikajiambia nitanyoosha mwenyewe baadaye, programu iko.

Wiki mbili hazijaisha, mama yule, bibi ya tata, akafariki. Kifua kilikuwa kinamusumbua tangu miaka ile alipokuwa anaosha mawe ya mugodi mutoni na benzake. Tulimuzika, tukakaa kilio, na siku moja asubuhi tata akaja mwenyewe studio. Hakutaka kiti.

"Jumamosi inayokuya tunatosha kilio, matanga inaisha," akasema. "Batu yote itakuya. Nataka basikie ile wimbo. Sauti yake hatuna pengine, ni ile moja tu."

Nikamwahidi. Ningekataa vipi?

Siku ya kwanza niliona kazi ni nyepesi. Kwenye ordinatere kila pigo la ngoma linaonekana sawa na kivimbe kidogo, na nyuma ya bivimbe kuna mistari iliyosimama ya kliki. Kivimbe kikikaa juu ya mustari, pigo liko sawa. Kikikaa pembeni, unakisukuma. Bivimbe bya tata bilikaa bizuri, kimoja nyuma ya kingine, mpaka mwanzo wa kila beti. Hapo anachelewa. Si kidogo, na si sawasawa: beti hili anachelewa hivi, beti linalofuata zaidi. Nilipoiachia programu inyooshe yenyewe, ikashika pigo la kando na kulivuta mpaka kwenye mustari usio wake, na ngoma ikasikika sawa na mutu anayeteremuka ngazi akakosa kidato kimoja.

Basi nikafanya kwa mukono. Unakata, unavuta, unagundisha. Ukigundisha vibaya inabaki sauti ya "tak" pale penye kiungo, unarudia. Nilikuwa nimefika katikati ya wimbo wakati umeme ulikatika, na betri ya ordinatere yangu ilishakufa zamani. Kazi ya asubuhi nzima ikaenda. Umeme uliporudi nikaanza upya, nikafika karibu na palepale, ukakatika tena. Nilimutukana tata yule. Nasema kweli, nilimutukana kwa mudomo wangu, mutu aliye katika kilio, kwa sababu ya bivimbe. Kisha nikaona haya, nikanywa maji, nikaendelea kumutukana moyoni.

Ni umeme huo uliotufundisha tabia yetu ya kazi hapa. Kipande ukikimaliza, unakifunga: unaunganisha bitu byote kuwa kitu kimoja, unafuta bipande bya mwanzo, ordinatere inakuwa nyepesi, umeme ukienda hauli tena kazi yako. Sote tunafanya hivyo. Siku ya tatu nikafunga ngoma, nikafuta za kwanza. Sauti ya mama yule sikuigusa mapigo yake, kwa kuwa muimbaji anaruhusiwa kuja nyuma ya ngoma. Nilimusafisha tu. Alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu mbele ya kila beti, kifua kile, na mikro ilikuwa inabeba yote. Nikakata pumzi moja moja, pakabaki kimya kisafi. Nikafunga na sauti, nikafuta ile ya kwanza. Nilijisifu kabisa.

Alhamisi tata akaja kusikiliza. Nikamuvalisha kaske, akafunga macho. Mukono wake ulikuwa juu ya goti, unapiga taratibu. Beti la kwanza likaisha, la pili likaanza, na mukono ukasimama hewani.

"Nani anapiga hii ngoma?"

"Ni weye, tata."

"Hapana. Huyu hamungoji bibi yangu."

Nikaanza kumuelezea kliki, mistari, kinanda cha maestro. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Mutoto yangu, kifua yake ulikuwa unaijua. Kama hajavuta pumzi, mi ninapiga juu ya nani? Miaka yote ile ninasikia kwanza pumzi, kiisha mukono inashuka. Rudisha ile ya kwanza."

Nilimwambia ukweli, kwamba niliifuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na mi ndiye niliyeyamwaga, kwa bidii, siku tatu. Nilitaka anikaripie, ingekuwa rahisi zaidi. Akasema tu kwamba kesho atarudi na ngoma, atapiga tena juu ya sauti ya bibi yake, na kliki niitoe.

Ijumaa akafika na taximoto mbili, ngoma zimefungwa kwa kamba. Nikaweka mikro, nikatoa kliki, nikamupa sauti ya bibi yake peke yake. Alianza vizuri. Mwisho wa beti la kwanza akanyamaza, akainamisha kichwa, akangoja. Mama akaingia na beti la pili, na mukono wa tata ulikuwa bado juu. Alishituka. Tukarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu akatoa kaske, akaishika mikononi.

"Pumzi yake iko wapi?"

Nilijua iko wapi. Nikaanza kutafuta katika ordinatere, katika takataka zilizofutwa, katika simu, huku nikijua sitapata kitu, ili tu nisimutazame usoni. Kisha nikarudi mwanzo kabisa wa wimbo, mbele ya neno la kwanza. Palikuwa na kelele ndogo ambayo nilidhani ni kiti, sikuikata. Nikaongeza sauti. Haikuwa kiti.

Nikamurudishia kaske, nikamuchezea ile kelele aisikie. Alisikiliza bila kutikisika.

"Tena," akasema.

Nilimuchezea ile pumzi moja mara nyingi, sikuhesabu, na mi nilikuwa nimegeukia ukuta wa magodoro kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Mwisho akasema inatosha, zile zingine atazikumbuka mwenyewe. Akapiga wimbo wote mara moja. Kila mwanzo wa beti, mahali nilipoacha kimya kisafi, aliinua mukono akangoja, kisha akaushusha pamoja na mama, palepale mama alipoingia. Sikufunga kitu, sikufuta kitu. Nilimwambia maestro kinanda hakitawezekana, akanuna.

Siku ya kutosha kilio bamama ba korali balivaa kitenge kimoja, batu bakakaa, na wimbo ukapigwa kwenye baffle mbili, zile spika za kanisa. Bengi balilia. Tata alikaa mbele, mukono juu ya goti. Maestro alikuwa amesimama karibu yangu, akainama kwenye sikio langu.

"Mwanzo wa kila beti ngoma inachelewa," akasema. "Hauna ile programu ya kunyoosha?"

"Niko nayo," nikamujibu, na nikamuomba anyamaze, kwa sababu beti la mwisho lilikuwa linakuja.